Mtwara hadi Bukoba: Saa tatu angani, siku nzima safarini

RUTAMBA, LINDI

MTUMISHI wa umma aliyepangiwa kazi Rutamba, mkoani Lindi, ilhali kwao ni Bukoba, mkoani Kagera, ametenganishwa na nyumbani kwa karibu urefu wote wa nchi. Taarifa ya msiba inapomfikia usiku, jambo analotaka kulijua kwanza ni kama atawahi maziko.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama ramani pekee. Umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Mtwara, unaotumiwa na wasafiri wengi wa Lindi, na Uwanja wa Ndege wa Bukoba ni takribani kilomita 1,363 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya abiria ya kawaida ingeumaliza umbali huo kwa muda wa saa mbili na nusu kama ingekwenda moja kwa moja. Hata hivyo, safari halisi kutoka mlangoni Rutamba hadi mlangoni Bukoba huchukua saa 12 kwa uchache, na mara nyingi huzidi siku moja.

Makala haya yanaeleza umbali huo unavyopimwa, muda wa angani unavyokokotolewa, mahali saa nyingine zinakopotelea, na namna msafiri wa ukanda wa kusini anavyoweza kujua mapema kama ndege itamwahisha au itampunguzia uchovu tu.

Rutamba ilipo

Rutamba ipo takribani kilomita 30 magharibi mwa mji wa Lindi, jirani na ziwa la jina hilo na msitu wa hifadhi wa Litipo. Katikati ya miaka ya 1960 eneo hilo lilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Msumbiji, waliovuka Mto Ruvuma wakikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno.

Uwanja wa ndege ulio karibu zaidi na Rutamba ni Kikwetu, ulioko kaskazini mwa mji wa Lindi, umbali wa takribani kilomita 37 kwa mstari ulionyooka. Lakini uwanja mkubwa wa ukanda huo, ambao umekarabatiwa na njia yake ya kurukia kurefushwa ili upokee ndege kubwa zaidi, ni ule wa Mtwara. Kutoka Rutamba hadi hapo ni zaidi ya kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara ni zaidi ya hapo, kwa kuwa kati ya mji wa Lindi na mji wa Mtwara peke yake kuna takribani kilomita 110.

Kwa hiyo abiria wa Rutamba anayekwenda kaskazini-magharibi huanza safari yake kwa kuelekea kusini-mashariki. Huo ndio mzunguko wa kwanza, nao hulipwa kwa saa za barabarani.

Umbali kwa mstari ulionyooka

Umbali wa safari za ndege hupimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia ya mviringo, kwa kutumia latitudo na longitudo za viwanja viwili. Marubani hutumia maili za baharini. Maili moja ni sawa na kilomita 1.852. Kilomita 1,363 za Mtwara hadi Bukoba ni sawa na maili 736 hivi.

Miongoni mwa viwanja vikuu vya mikoa nchini, Mtwara na Bukoba ndivyo vilivyo mbalimbali zaidi. Kutoka Mtwara hadi Kigoma ni takribani kilomita 1,307, hadi Musoma 1,209 na hadi Mwanza 1,188. Kwa kulinganisha, Dar es Salaam hadi Nairobi ni takribani kilomita 668, yaani safari ya ndani kutoka Mtwara hadi Bukoba ni ndefu mara mbili ya ile ya kwenda mji mkuu wa nchi jirani.

Vipimo vifuatavyo vimekokotolewa kwa mstari ulionyooka kati ya viwanja. Vinaweza kutofautiana kwa kilomita chache kulingana na sehemu ya uwanja inayotumiwa kupimia. Herufi tatu zilizo kwenye mabano ndizo zinazoandikwa kwenye tiketi na kwenye vitambulisho vya mizigo:

Dar es Salaam (DAR) hadi Kilwa Masoko (KIY): kilomita 228
Dar es Salaam hadi Lindi, Kikwetu (LDI): kilomita 336
Dar es Salaam hadi Nachingwea (NCH): kilomita 390
Dar es Salaam hadi Mtwara (MYW): kilomita 400
Kilwa Masoko hadi Lindi: kilomita 108
Kilwa Masoko hadi Mtwara: kilomita 175
Lindi hadi Mtwara: kilomita 71
Dar es Salaam hadi Mwanza (MWZ): kilomita 852
Mwanza hadi Bukoba (BKB): kilomita 175
Dar es Salaam hadi Bukoba: kilomita 1,025

Kuzunguka Dar es Salaam si mzigo

Wasafiri wengi wa mikoa ya kusini hulalamika kwamba kupitia Dar es Salaam ni kuzunguka mno. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400, na Dar es Salaam hadi Bukoba ni 1,025. Jumla yake ni 1,425. Ukitoa 1,363 za mstari ulionyooka, ziada ni kilomita 62 tu. Kwa ndege hizo ni dakika sita.

La kushangaza zaidi ni Mwanza. Uwanja wa Mwanza umekaa karibu kabisa juu ya mstari wa Dar es Salaam na Bukoba. Ndege inayopitia Mwanza huongeza kilomita mbili au tatu tu kuliko inayokwenda moja kwa moja.

Kinachoongezeka kwa kutua njiani ni muda. Kila ndege inapotua na kuruka tena, kuna kushuka, kutembea ardhini hadi maegesho, abiria kuteremka na kupanda, mizigo kupakuliwa na kupakiwa, kisha kupanda tena angani. Kituo kimoja kisichoongeza hata kilomita tatu kinaweza kumgharimu abiria saa nzima, hata kama habadilishi ndege.

Namna ya kukokotoa muda wa angani

Mtu yeyote anaweza kukadiria muda wa safari ya ndege kwa hatua mbili. Kwanza, agawe umbali kwa mwendo wa ndege. Pili, aongeze takribani dakika 25 kwa ajili ya kutembea ardhini, kupanda hadi kimo cha safari, kushuka na kujipanga kutua, kwa sababu katika hatua hizo ndege haiendi kwa mwendo wake kamili.

Ndege za panga boi aina ya Dash 8-400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, huweza kwenda kwa kilomita 650 hivi kwa saa. Ndege za ATR zinazotumiwa na Precision Air huenda kwa kilomita 500 hadi 550. Airbus A220, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Desemba 2018, huenda kwa takribani kilomita 830. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambazo huweza kutua katika viwanja kama cha Kilwa Masoko, huenda kwa kilomita 340 hivi.

Kwa kanuni hiyo, Dash 8-400 inayotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam huhitaji dakika 37 za mwendo kamili na dakika 25 za nyongeza, jumla saa moja na dakika mbili. Airbus A220 kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza huhitaji saa moja na dakika 27. Dash 8-400 kutoka Mwanza hadi Bukoba huhitaji dakika 41, na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba bila kutua njiani saa mbili kamili.

Inaonekana hapa kwamba katika safari fupi mwendo wa ndege hauna maana kubwa. Kutoka Mwanza hadi Bukoba, dakika 25 kati ya 41 ni za kupanda na kushuka. Ndiyo sababu abiria wa Mtwara haokoi muda mwingi akipata ndege ya jeti: kilomita 400 kwa A220 ni dakika 54, akiwa ameokoa dakika nane tu dhidi ya panga boi.

Upepo nao huchangia, ila si kwa kiasi kikubwa. Upepo wa kinyume wa kilomita 40 kwa saa ungeongeza dakika sita au saba kwenye safari ya kilomita 1,025. Aidha, ndege hufuata njia za anga zilizopangwa na maelekezo ya waongoza ndege, hivyo umbali halisi unaosafiriwa huwa mkubwa kidogo kuliko wa mstari ulionyooka.

Ukijumlisha yote, muda wa angani kutoka Mtwara hadi Bukoba kupitia Dar es Salaam ni saa tatu hivi. Saa zilizobaki ziko ardhini.

Safari nzima kwa saa

Mfano ufuatao si ratiba ya shirika lolote, bali ni hesabu ya siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri.

Msafiri anaondoka Rutamba saa 10 alfajiri. Akiwa na usafiri wa uhakika, anafika Uwanja wa Ndege wa Mtwara saa 1:30 asubuhi. Anakamilisha taratibu za safari na kusubiri kwa saa mbili. Ndege inaruka saa 3:30 asubuhi na kutua Dar es Salaam saa 4:30. Anasubiri kwa saa tatu, anapanda ndege ya Bukoba saa 7:30 mchana na kutua saa 9:30 alasiri. Uwanja wa Bukoba uko mjini, kando ya Ziwa Victoria, hivyo kwa saa moja zaidi anaweza kuwa nyumbani, iwapo kwao si mbali na mji. Ni saa 10:30 jioni.

Safari hiyo imechukua saa 12 na nusu. Kati ya hizo, saa tatu tu zimekuwa angani, chini ya robo ya safari. Saa tatu na nusu zimekwenda kwenye barabara ya kutoka Rutamba hadi Mtwara peke yake, yaani nyingi kuliko muda wote wa kuvuka nchi kwa ndege.

Hesabu hubadilika ghafla iwapo ndege ya Bukoba siku hiyo imekwisha kuondoka asubuhi. Msafiri hulala Dar es Salaam, na kama ndege ya kesho yake inaruka saa 2 asubuhi, atatua Bukoba saa 4 na kufika nyumbani saa 5. Safari imekuwa ya saa 31.

Basi hadi Dar es Salaam, kisha ndege

Njia ya pili ni kuiacha ndege ya Mtwara. Msafiri yule yule aliyeondoka Rutamba saa 10 alfajiri anaweza kuwahi basi la Lindi la saa 12 asubuhi. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 450 kwa barabara ya lami, mwendo wa saa tisa au kumi. Saa 10 jioni anakuwa Dar es Salaam. Analala, anapanda ndege ile ile ya saa 2 asubuhi, na kufika nyumbani Bukoba saa 5.

Msafiri wa ndege mbili aliyekosa muunganisho na msafiri wa basi na ndege moja wanafika Bukoba katika saa ile ile. Tofauti kati yao ni uchovu na nauli. Jambo la kuuliza kabla ya kununua tiketi ya Mtwara, kwa hiyo, ni kama siku hiyo kuna ndege ya kwenda Kanda ya Ziwa inayoondoka Dar es Salaam baada ya ile ya Mtwara kutua. Kama ipo, tiketi ya Mtwara inanunua karibu siku nzima. Kama haipo, inanunua usingizi tu.

Kuna pia njia ya kati. Ndege za Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa kawaida ni nyingi kuliko za Bukoba. Msafiri aliyekosa ya Bukoba anaweza kuruka hadi Mwanza jioni na kumalizia asubuhi kwa ndege fupi, kwa basi au kwa meli. Akifanya hivyo, atakuwa amebakiza kilomita 175 za anga badala ya 1,025, na hata ndege ya asubuhi ikiahirishwa atakuwa na njia nyingine ya kufika.

Njia ya tatu ni basi mwanzo hadi mwisho. Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni takribani kilomita 1,400, kupitia Dodoma, Singida na Kahama, mwendo unaozidi saa 20. Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, msafiri anaweza kuunganisha jioni ile ile badala ya kungoja alfajiri. Kutoka Rutamba, safari nzima ya barabara huchukua kati ya saa 36 na 50, kutegemea muda wa kusubiri basi la pili.

Nani anawahi maziko

Kwa familia za Kagera ambazo huweza kuahirisha maziko siku moja au mbili ili kungoja watoto walio mbali, msafiri wa ndege kutoka Rutamba huwahi, na wa basi huwahi kwa taabu. Kwa upande wa pili mambo ni tofauti. Mwenyeji wa Rutamba au Kilwa anayefanya kazi Bukoba huwa na haraka kubwa zaidi, kwa kuwa katika jamii za Kiislamu za pwani maiti huzikwa siku ile ile au kesho yake asubuhi.

Hesabu ya saa 12 na nusu inamaanisha kwamba, hata kwa muunganisho kamili wa ndege, aliyepata habari asubuhi akiwa Bukoba hawezi kuwahi maziko ya alasiri Rutamba. Aliyepata habari jioni anaweza kufika kesho yake usiku, maziko yakiwa yamekwisha. Familia zinazolijua hilo humwambia ndugu yao ajipange kwa hitima badala ya kumhimiza akimbilie maziko, na humwepusha na tiketi ya dharura ambayo bei yake huwa ya juu kwa kuwa inanunuliwa siku ya safari.

Mvua, ukungu na ratiba

Makadirio yote yaliyotajwa yanadhani kwamba barabara inapitika na anga ni safi. Historia ya ukanda huu inaonyesha kwamba si hivyo siku zote.

Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kufunguliwa katika Mto Rufiji Agosti 2003, magari ya kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara yalivushwa kwa kivuko cha Ndundu, na mto ulipofurika kusini yote ilikatika na Dar es Salaam. Daraja lilipunguza tatizo hilo lakini halikulimaliza. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilisomba madaraja na makalavati katika barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, eneo la Kilwa, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo ndege ya Mtwara hubaki kuwa njia ya haraka ya kutoka, ilimradi msafiri aweze kufika uwanjani.

Upande wa Bukoba tatizo ni hali ya hewa ya ziwa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walipoteza maisha na 24 waliokoka, wavuvi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Kutokana na hali hiyo, abiria hapaswi kumlaumu rubani anayezunguka angani akisubiri mawingu yapungue, au anayeamua kurudi Mwanza. Nusu saa ya kusubiri angani, au hata usiku mmoja Mwanza, ni gharama ndogo.

Ratiba nazo hubadilika kwa sababu zilizo nje ya nchi. Mwishoni mwa mwaka 2022 na katika mwaka 2023, Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya ndege zake za A220 kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, ambayo yaliyakumba mashirika mengi duniani. Ndege moja inapoegeshwa Dar es Salaam, mikoa inayohudumiwa kwa safari chache kwa wiki ndiyo huhisi haraka.

Kusoma tiketi na saa

Makosa mengi ya wasafiri wapya hutokana na saa. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane. Palipoandikwa 06:40 maana yake ni saa 12:40 asubuhi, na 18:40 ni saa 12:40 jioni. Njia rahisi ni kutoa sita kwa saa za mchana, na kutoa 18 kuanzia saa moja usiku: 13:30 ni saa 7:30 mchana, 20:00 ni saa 2 usiku. Aliyesoma 06:40 kuwa saa 6:40 mchana hukuta ndege imeondoka saa sita kabla yake.

Jambo la pili ni tiketi yenyewe. Safari mbili zikiwa kwenye namba moja ya uhifadhi wa nafasi, shirika ndilo lenye wajibu wa kumfikisha abiria hadi mwisho iwapo ndege yake ya kwanza imechelewa. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja peke yake, hasa za mashirika mawili tofauti, abiria ndiye anayebeba hatari. Kwa tiketi za aina hiyo, saa tatu za kusubiri Dar es Salaam ni kiwango cha chini kinachofaa, kwa kuwa atalazimika kuchukua mzigo na kuukabidhi upya. Mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka kwanza kwa shirika husika, kisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

La tatu linawahusu wanaofunga Ramadhani. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini jua halifuati saa za serikali. Bukoba iko magharibi mwa Mtwara kwa zaidi ya nyuzi nane za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za mwendo wa jua. Kwa wastani, magharibi huingia Bukoba dakika 33 baada ya Mtwara. Aliyeanza kufunga Mtwara na kufika Bukoba jioni hufuturu kwa saa ya Bukoba.

Thamani ya Kikwetu

Ukanda wa kusini haukuwa mgeni wa ndege. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika 1977, lilikuwa likitua Lindi, Mtwara na Nachingwea. Nachingwea yenyewe ilikua kutokana na mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa 1951, na ambao pia ndio uliozaa bandari ya Mtwara.

Swali la watu wa Rutamba leo ni kwamba wangepata nini endapo wangeweza kupandia ndege za ratiba Kikwetu badala ya Mtwara. Angani wangepata kidogo sana: kutoka Kikwetu hadi Dar es Salaam ni kilomita 336, na kwa Dash 8-400 ni dakika 56, pungufu ya dakika sita tu kuliko kutoka Mtwara. Ardhini wangepata kikubwa. Barabara ya saa tatu na nusu ingepungua kwa saa mbili hivi, na safari ya saa 12 na nusu ingekuwa ya saa 10 na nusu.

Saa mbili hizo zina uzito kuliko zinavyoonekana. Msafiri anayeondoka Rutamba saa 10 alfajiri angeweza kuwa Dar es Salaam kabla ya saa 3 asubuhi, na hivyo kupata nafasi kubwa zaidi ya kuwahi ndege za asubuhi za Kanda ya Ziwa. Akiwahi ndege hizo, haongezi saa mbili tu, anaokoa usiku mzima.

Kwa Kilwa hesabu ni nyingine. Kilwa Masoko iko kilomita 228 tu kutoka Dar es Salaam kwa anga na takribani 300 kwa barabara. Ndege ndogo ingehitaji saa moja na dakika tano, na basi huchukua saa sita hivi. Kwa msafiri wa Kilwa anayekwenda Bukoba, kushuka hadi Mtwara ili apande ndege ni kurudi nyuma kilomita 175. Kwake yeye barabara ya Dar es Salaam, pale inapopitika, ndiyo njia fupi.

Kwa mkazi wa Rutamba, mpaka Kikwetu itakapokuwa na safari za uhakika, kanuni inabaki ile ile: aulize kwanza saa ya ndege ya mwisho inayotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba au Mwanza, ahesabu kurudi nyuma hadi alfajiri ya Rutamba, ndipo aamue kama anakwenda Mtwara kupanda ndege au Lindi kupanda basi.